Nilivyoushuka Mto Ituri kwa Mdomo Tu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka kwanza, kisha naona haya, halafu nacheka tena. Keti nikusimulie. Chai ipo, na leo ni Ijumaa, hakuna anayekukimbiza kazini.

Wewe umefika Doha mwezi uliopita. Juzi nilikusikia pale kituo cha mafuta ukimwambia msimamizi wako kwamba Al Wakrah yote unaijua, barabara kwa barabara, nami najua fika kwamba hata Abu Hamour hujawahi kwenda bila kuonyeshwa njia. Sikukukatiza. Mtu mzima hamwumbui kijana mbele ya mkubwa wake. Ila niliondoka pale nikijisemea: huyu nitamtafuta, kwa maana huyu ni mimi mtupu.

Nilikuja mji huu nywele zangu zikiwa nyeusi tii. Nilikuwa askari wa mlangoni katika hoteli moja pale Al Sadd, kazi ya kusimama wima na kuwafungulia watu mlango huku ukitabasamu. Makanisa ya Mesaimeer yalikuwa bado yananukia rangi. Sisi Waafrika Mashariki hatukuwa wengi kama mlivyo sasa, hata ukisikia Kiswahili sokoni ulikuwa unageuka ghafla kutafuta aliyesema.

Ndivyo nilivyomwona Paskalina. Alikuwa anafanya kazi kwenye dobi la hoteli, chini kabisa, kule kwenye mashine na mvuke. Siku moja kwenye kantini ya wafanyakazi nikasikia Kiswahili cha namna ambayo sijawahi kuisikia, laini, kama kimepitishwa kwenye maji. Nikamuuliza dada huyu anatoka wapi. Akasema, "Miye natoka Kongo, Ituri. Huwezi kupajua."

Hilo "huwezi kupajua" ndilo lililoniponza. Mimi ni mtu wa Mwingi, huko Ukambani, na kabla ya kuja huku nilikuwa nimeendesha lori kidogo. Nikasikia mdomo wangu ukijibu, "Ituri? Nimepita huko mara ngapi na lori!"

Mwanangu, ukweli ni huu: mwisho wangu ulikuwa Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Nilishusha saruji, nikala ndizi, nikageuza lori. Ng'ambo niliiona kwa macho tu. Lakini Paskalina aliponitazama vile, kwa mshangao, uso wake ukafunguka. Ungekuwa wewe ungesema nini? Najua ungesema nini.

Tangu siku hiyo nikawa msafiri mkubwa. Nilikwenda duka la vitabu nikanunua ramani ya Kongo, nikaibandika ndani ya kabati langu la kazini, nikawa naisoma kila ninapobadilisha nguo. Na ilikuwa ramani nzuri, sikudanganyi. Msitu ulikuwa umepakwa kijani, kijani kisicho na mwisho. Na katikati ya kijani hicho ulipita mto mmoja kwa mstari mwembamba wa buluu: ulianzia karibu na Ziwa Albert, ukapinda kwenda magharibi, ukaitwa Ituri, mbele huko ukabadilisha jina ukaitwa Aruwimi, ukaishia kwenye mto wenyewe mkubwa wa Kongo, mahali panapoitwa Basoko. Mstari haukukatika popote. Nami nikaamini kwamba kilicho kizima kwenye karatasi ni kizima pia duniani.

Kila wiki nilimpelekea Paskalina jina jipya. Leo Epulu, kesho Nia-Nia, keshokutwa Bafwasende. Hata wimbo wa wapiga makasia nilimwimbia, wimbo niliotunga mwenyewe nikiwa naoga. Naye hakuwa na njia ya kunikamata, kwa sababu alilelewa na shangazi yake mjini Bunia na kijijini kwao alikuwa anaenda likizo tu. Alikuwa anaukumbuka mto kama mtoto anavyoukumbuka: baridi yake, na sauti ya mama ikimwita atoke majini.

Sasa ikafika Jumanne. Nilishuka dobini kuchukua sare yangu, nikamkuta Paskalina amekaa juu ya kapu la mashuka, simu mkononi, macho yanang'aa.

"Musyoki, leo nina neno la kukuuliza, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumuuliza."

Maneno matamu hayo, mwanangu. Yaogope.

Akanieleza kwamba mama yake, Mama Veronika, anaishi kijijini kando ya Ituri, si mbali na mji wa Mambasa. Dada mkubwa wa mama huyo, Mama Koleta, yule aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, aliolewa Basoko, na kwa miaka zaidi ya ishirini hawajaonana. Sasa Mama Koleta ni mzee, macho yanafifia, na ametuma neno kwamba angependa kumwona mdogo wake wakati bado anaweza kumwona.

"Wazia," akasema Paskalina, "mayi yanayopita nyuma ya jiko la mama ndiyo hayo hayo yanayopita mbele ya nyumba ya mama mkubwa. Mto mmoja! Wewe umezunguka kule. Mama anaweza kupanda boti pale kwetu ikamshusha mpaka Basoko?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Nafasi pana, kama mlango wa hoteli. Ningesema "sijui, tuulize", tukauliza, yakaisha. Badala yake nikaiona ramani kichwani, ule mstari wa buluu usiokatika, nikasema:

"Anaweza. Boti zipo. Siku nne. Tano, kama mto umepungua."

Ile ya mto kupungua niliitia makusudi, ili nionekane mtu mzoefu.

Paskalina akaniruka shingoni mbele ya mashine zote zile. Siku hiyohiyo akapiga simu Mambasa, kwa katekista wa kwao aliyekuwa na simu, akamwachia mama yake ujumbe ajiandae. Nami nikapanda ngazi kurudi mlangoni kwangu nikiwa mwepesi kama karatasi.

Ijumaa ikaja. Baada ya misa pale Mesaimeer tulisimama nje, kama ilivyo kawaida, watu wanasalimiana, wanabadilishana habari za nyumbani. Miongoni mwetu alikuwepo Papa Aleksi. Huyu alikuwa fundi wa mabomba na pampu wa hoteli yetu, Mkongo, mzee mfupi mwenye mikono mikubwa, mtu asiyesema neno kama halihitajiki. Nilijua anatoka Kongo, lakini Kongo ni kubwa, na sikuwahi kumuuliza sehemu gani. Nilikuwa najiepusha naye, unaelewa kwa nini.

Paskalina akamwambia kwa furaha, "Papa, mama yangu kesho asubuhi anaanza safari! Anashuka Ituri kwa boti mpaka Basoko."

Papa Aleksi akauliza, "Boti ya nani?"

"Zile zinazoshuka siku nne. Musyoki anazijua."

Mzee akageuza shingo polepole akanitazama. Nilihisi jasho likinitoka mgongoni, na ulikuwa mwezi wa pili, hali ya hewa ya raha kabisa. Nilidhani ataniumbua palepale. Hakufanya hivyo. Alisema tu, "Musyoki, twende unisaidie kazi moja kule nyuma ya hoteli. Haitachukua muda." Akamwambia Paskalina, "Binti, usiende mbali na simu yako."

Nyuma ya hoteli kulikuwa na kiwanja kitupu cha vumbi na changarawe. Siku hizi pamejengwa jengo refu, ukipita huwezi kujua. Tulipofika, Papa Aleksi akaokota kipande cha bomba la plastiki, akaniuliza bila kupandisha sauti:

"Ulifika?"

"Wapi, Mzee?"

"Usinichoshe."

Nikatazama viatu vyangu. "Sijafika. Nilifika Mpondwe, nikashusha saruji."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa kipimo cha bomba. Kisha akasema, "Simama hapa. Hapa iko Bunia." Akaanza kuuchora mto vumbini, akitembea kinyumenyume na kulikokota lile bomba, nami nikimfuata.

"Hapa juu kuko majani na milima, hakuna msitu. Mvua ikinyesha juu ya mgongo wa milima hii, upande ule inateremka Ziwa Albert, inakuwa Nile, inakwenda Misri. Upande huu inakuja kwetu. Mto ukiwa mdogo unaitwa Shari. Mutoto anaweza kuruka. Sasa inama, tunaingia msituni."

Mwanangu, niliinama kweli! Nilijikuta nimeinama katikati ya Doha, juani, kana kwamba kuna matawi.

"Hapa mayi inakuwa nyeusi," akaendelea, "kama chai ya rangi, kwa sababu ya majani yanayooza chini. Ukichota kwenye kikombe ni safi. Mkono huu wa kuume unaingia Epulu. Mkono wa kushoto, Lenda. Mto unanenepa. Miti ya pande mbili inataka kushikana juu, haifiki. Sasa niletee matofali."

Kulikuwa na vipande vya matofali pembeni. Nikaleta mikono miwili. Akaweka kimoja katikati ya mchoro wake.

"Hapa kuko mawe. Mayi inakimbia, inapiga kelele." Akaweka kingine. "Hapa inaanguka. Hapa, tena. Hapa, mutu anausikia mto kabla ya kuuona. Lete vingine."

Nikaleta vingine. Aliviweka vyote. Kisha akaonyesha mkono mwingine wa mto unaoingia toka kaskazini, Nepoko, na kusema kwamba kuanzia hapo watu wanauita Aruwimi. Halafu matofali zaidi, mpaka Banalia, alikozaliwa yeye mwenyewe, na zaidi kidogo mpaka Yambuya. Baada ya Yambuya hakuweka kitu tena. Alichora mstari mpana, uliotulia, wenye visiwa, ukaenda kuishia penye kona ya kiwanja.

"Toka Yambuya mpaka Basoko, kuko boti. Mimi nilikuwa fundi wa injini kwenye boti hizo miaka kumi na moja. Mbele ya Basoko, Aruwimi iko pana hata mutu wa ng'ambo unamwona kama sisimizi." Akarudi nyuma, akasimama pale juu, kwenye vipande vyote vile. "Sasa nionyeshe, dereva. Boti yako inapita wapi hapa?"

Nilikuwa bado nimeshika kipande cha tofali, sijui nikiweke wapi. Nikaona kwa akili yangu mama mmoja nisiyemjua, amekaa kwenye mtumbwi na mizigo yake, anakwenda kumwona dada yake, anasikia kelele mbele.

Papa Aleksi akaja akakichukua kile kipande mkononi mwangu, akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia kwa sauti yake:

"Kutokujua si kosa, mwana. Mimi bahari hii ya hapa siijui, hata samaki zake sijui majina. Lakini yule binti alikuuliza jambo la mama yake, wewe ukamjibu jambo la sifa yako."

Nilimwomba, "Mzee, basi mwambie wewe. Wewe unaujua mto."

"Mto naujua," akanijibu. "Uongo ule si wangu."

Akanisukuma begani, si kwa ukali, nikaenda.

Nilimkuta Paskalina ukumbini mwa nyumba ya wafanyakazi, anapiga pasi blauzi yake. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Pasi ikasimama. Akaizima, akaisimamisha vizuri, mtu makini yule, kisha akaniuliza:

"Kwa hiyo na lori hakuna?"

"Lori lilikuwepo. Halikufika tu."

"Na ule wimbo wa wapiga makasia?"

"Niliutunga."

Akaubana mdomo wake. Sikujua kama atalia au atacheka, na nadhani hata yeye hakujua. Akachukua simu akampigia katekista. Simu imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Tulikaa pale jioni nzima, yeye anapiga, mimi nimekaa kwenye kiti mbali kidogo, kama mtu anayesubiri daktari. Papa Aleksi alikuja akakaa nasi, naye akawapigia watu wake wa Kisangani, lakini Kisangani ni mbali na Mambasa.

Jumamosi asubuhi, tukiwa kule dobini, simu ya katekista ikaita. Paskalina aliuliza swali moja tu, akasikiliza, akaketi juu ya kapu la mashuka. Mama Veronika alikuwa ametoka alfajiri kwa pikipiki na mizigo yake na kuku wawili, ameelekea mtoni. Katekista akasema atamtuma mtu amfuate.

Nilirudi mlangoni kwangu kwa kuwa zamu ilikuwa yangu. Siku hiyo niliwaambia wageni wanaotoka "karibuni" na wanaoingia "safari njema". Mudiri wetu, yaani meneja, alipita akanitazama mara mbili. Moyoni nilikuwa nasali sala zote nilizofundishwa na bibi yangu, na zilipoisha nikaanza upya.

Ilikuwa yapata saa nane mchana nilipomwona Paskalina anakuja mbio. Alipita katikati ya ukumbi mkubwa wa mbele, mahali ambapo mtu wa dobi haruhusiwi kukanyaga, na aproni yake imelowa, na wageni wenye kanzu nyeupe wanageuka kumtazama. Ameinua simu juu.

"Yuko hai!" alipiga kelele. "Yuko hai, na anacheka!"

Mwanangu, nilimwachia mgeni mlango ukamgonga begani. Mungu amsamehe na anisamehe.

Mama Veronika alikuwa amefika ukingoni na kuwauliza wavuvi boti ya Basoko inasimama wapi. Wavuvi walidhani wamesikia vibaya. Aliporudia, walicheka hata mmoja akakaa chini kwenye matope. Wakamwambia, mama, mtumbwi utakufikisha pale mbele kwenye mawe, mwendo wa saa moja, na baada ya hapo utasafiri bila mwili. Akacheka nao, akawapa kuku mmoja kwa kumfurahisha, akarudi kwa pikipiki ileile.

"Anataka kuzungumza na wewe," Paskalina akasema, akanisukumia simu sikioni palepale mlangoni.

Nikaanza kuomba msamaha kabla ya salamu. Akanikatiza.

"Baba, sikia. Miye nimefua nguo kwenye muto ule miaka arobaini. Najua mawe yake. Nilijua hakuna boti. Lakini mutoto aliniambia kuna mutu amepita, nikasema, labda siku hizi wameleta boti mpya. Nilitaka kumwona dada yangu, ndiyo maana niliamini." Akaongeza, "Usifanye hivyo tena. Mutu mwenye hamu ni rahisi kumdanganya."

"Sitafanya tena, mama."

"Haya. Kwenu wapi?"

"Kenya, mama. Mwingi."

"Na kwenu kuna muto?"

Nikasita. Zamani ningebuni mmoja. Nikasema, "Upo, mama, lakini ni wa mchanga."

"Wa nini?"

"Mchanga mtupu. Karibu mwaka mzima hauna tone juu. Akina mama wanachimba kwa vibuyu mpaka wanazama kiunoni, ndipo maji yanapanda polepole, meupe, ya baridi. Na mvua ikinyesha huko milimani, sisi kwetu jua linawaka, mawingu hamna, basi tunasikia mngurumo. Watoto wanakimbia ukingoni wanapiga kelele kwamba mto unakuja. Na kweli unakuja, mama, umesimama kama ukuta, umebeba magogo, unapita mchanga mkavu mbele ya macho yetu. Kesho yake umekwenda."

Upande wa pili nikasikia mama anaita watu: "Njoni! Njoni musikie! Kwao muto unakuja kama mugeni!" Nikasikia vicheko vya kijiji kizima, na maswali, na ikabidi nirudie yote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa, mlangoni mwa hoteli ya nyota nyingi. Nilipogeuka, Paskalina alikuwa ameegemea nguzo ananisikiliza. Hakuwahi kunisikiliza vile nilipokuwa namsomea majina ya ramani.

Safari yenyewe aliipanga Papa Aleksi, mtu aliyeijua. Mama Veronika alipanda gari Mambasa, akapita Epulu na Nia-Nia na Bafwasende kwa barabara, akafika Kisangani, na mpwa wa Papa Aleksi akampokea na kumpandisha boti ya mto Kongo. Akapita Isangi, mahali ambapo Lomami unaingia toka kusini, akateremka mpaka Basoko. Yaani aliukuta mto wa kwao kwa upande wa mwisho, badala ya mwanzo. Siku alipofika tulipigiwa simu. Hatukusikia maneno hata kidogo, ni kuimba tu, na vigelegele, na katikati yake wazee wawili wanalia kwa furaha na kugombana ni nani kati yao amezeeka zaidi. Papa Aleksi alichukua simu akasikiliza kwa muda mrefu, akaturudishia, akaenda kurekebisha pampu.

Na Paskalina je? Hakunirudia upesi, usidhani. Alinifungulia shule. Kila tulipokutana aliniuliza jambo ambalo anajua silijui. "Samaki huyu anaitwaje kwa Kiarabu?" "Sijui." "Yule mgeni wa ghorofa ya nne anatoka nchi gani?" "Sijui." Anatikisa kichwa kama mwalimu, anapita. Mwanzoni kila "sijui" ilikuwa inanikwaruza koo. Baada ya miezi miwili mitatu nikaanza kuifurahia. Ni neno jepesi sana, mwanangu, halina mzigo wa kubeba kesho yake. Na kila nilipolisema, mtu wa pembeni alinifundisha kitu.

Siku moja kule Abu Hamour, tukiwa tunasubiri basi, aliniuliza, "Na unalojua kuhusu mimi na wewe ni lipi?"

Nikamwambia, "Hilo sasa nalijua vizuri."

Basi lilikuja likaenda, hatukulipanda.

Tulifunga ndoa Basoko, kwa ombi la Mama Koleta, aliyetaka arusi ifanyike karibu na macho yake. Hapo ndipo nilipoiona Aruwimi kwa mara ya kwanza, ikiingia Kongo, maji yake meusi yanakwenda sambamba na yale ya kahawia kwa mwendo mrefu kabla ya kuchanganyika, na ng'ambo ni mbali mno. Nilidhani ni ziwa. Nikamuuliza mzee mmoja wa pale kama ni ziwa, akanicheka, akanieleza, nami nikamshukuru. Mama Veronika alinishika mkono akanizungusha kwa kila jirani akisema, "Huyu ndiye mwenye ile boti." Mpaka leo kule jina langu ni hilo, Mwenye Boti. Watoto wangu wakienda wanaitwa watoto wa Mwenye Boti. Naitika.

Sasa, mwanangu, nikuambie ninalotaka ulichukue. Usione aibu kusema hujui, tena liseme mapema, lile swali likiwa bado dogo. Mji huu umejaa watu wa kila nchi na kila mmoja anataka kuonekana amefika kila mahali, hivyo utajaribiwa kila siku, kazini, kwa marafiki, na zaidi ya yote mbele ya msichana. Mtu akikuuliza njia, jiulize kwanza ni nani atakayeipita kwa neno lako. Ramani isome, simu yako itazame, sikukatazi, lakini mtafute na mtu aliyeishi pale ukamuulize, hata kama ni fundi wa mabomba asiyependa kusema. Ukishakosea, nenda mwenyewe ukaseme, usimtume mzee. Kesho basi mtafute yule msimamizi wako kabla hajakutuma Al Wakrah. Na ukitaka watu wakusikilize, waambie ya kwenu uliyoyaona kwa macho yako. Yatatosha, wala hutahitaji kuyaongezea chumvi.

Mungu akuhifadhi katika kazi ya mikono yako. Akupe wakubwa wa kukuonya faraghani na marafiki wa kukucheka bila kukuacha. Akujalie mke wa kukufungulia shule uipendayo. Wote unaowatuma njiani wafike salama, na wakifika, wakupigie simu ya nderemo hata usisikie neno. Amina, mwanangu. Mimina chai.